Bolti zipi kwa gari la kujiundia nyumbani: 8.8, 12.9 au chuma cha pua?

chasisi_mraba:

Habari za humu, wakuu. Nimeanza kuunganisha gari langu, lile la mtindo wa Lotus Seven: wazi, viti viwili, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Fremu ilikuja imeshachomelewa, mabomba ya mraba ya milimita 25 yenye ukuta wa milimita 1.6. Injini, giaboksi, ekseli ya nyuma na usukani natoa kwenye gari kuukuu nililolifungua mwenyewe.

Kilichonikwamisha si injini wala umeme. Ni bolti. Pamoja na fremu nililetewa mfuko mmoja mzito, ndani bolti, nati na washa zimechanganyika, hakuna hata karatasi ya kusema ipi inakwenda wapi. Nilizimwaga sakafuni nikazipanga kwa mafungu. Nyingi kichwani zimeandikwa 8.8. Chache ni 10.9. Kuna za chuma cha pua zilizoandikwa A2-70. Kuna zenye mistari mitatu bila namba yoyote. Na kuna kumi na nne ambazo kichwa kiko tupu kabisa, hakina alama.

Nina mawazo mawili. La kwanza, niweke kando mfuko wote na kununua 12.9 za kichwa cha mviringo chenye tundu la alleni, nifunge gari zima kwa hizo, kwa kuwa ndiyo namba kubwa kuliko zote. La pili, nitumie chuma cha pua kila mahali, maana gari ni wazi na mvua litaiona, na kutu siipendi.

Mke wangu atakaa kiti cha pili, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Nyie mliokwisha kupita njia hii mlichagua vipi? Na hizo kumi na nne zisizo na alama, zina kazi yoyote?

spana_17:

Mkuu, umeuliza wakati mzuri, kabla hujakaza chochote. Naomba nianze na yaliyonikuta, kisha tuje kwenye namba.

Gari langu ni ndugu wa lako. Mwezi wa tano tangu liingie barabarani lilianza kugonga mbele kushoto, "ko", mara moja tu, kila nikishika breki kwa mwendo mdogo. Nilibadilisha bushi za shokomzoba, nikabadilisha bol joint, mlio uko palepale. Mwishowe nikachomoa bolti ya mkono wa chini wa saspensheni. Ilikuwa 10.9, namba inasomeka vizuri, rangi ya zinki bado iko. Lakini ilikuwa na uzi mwili mzima, kuanzia chini ya kichwa hadi nchani. Tundu la breketi nililolitoboa mwenyewe duara, milimita 10, lilikuwa limegeuka yai. Nilipopitisha ukucha ndani ya tundu nilihisi mifereji, mmoja baada ya mwingine, kwa nafasi ileile ya uzi wa bolti. Uzi ulikuwa umeila breketi kama tupa. Na kwenye bolti yenyewe, pale breketi ilipokuwa imekalia, ncha za uzi zilikuwa zimelala bapa na kung'aa.

Namba ilikuwa nzuri. Bolti ndiyo haikuwa ya kazi ile. Ndiyo maana nakuomba usianze na namba ya kichwani, anza na kazi ya kila bolti mahali ilipo.

Bolti za pembe sita ziko za aina mbili. Moja ina shina, yaani sehemu laini isiyo na uzi, halafu uzi unaanza karibu na mwisho. Nyingine ni uzi mtupu. Ukinunua kwa namba za viwango, yenye shina ni DIN 931 au ISO 4014, ya uzi mtupu ni DIN 933 au ISO 4017. Mahali popote ambapo vipande viwili vinataka kuteleza kimoja juu ya kingine, na saspensheni yote iko hivyo, breketi lazima zikae juu ya shina, si juu ya uzi. Bolti ya M10, yaani yenye kipenyo cha milimita 10, shinani ina eneo la milimita za mraba 78.5. Kwenye uzi zinabaki 58. Umepoteza robo ya chuma kabla hujaondoka nyumbani, halafu kila mfereji wa uzi ni mahali ambapo ufa unapenda kuanzia.

Sasa namba. Tarakimu ya kwanza zidisha kwa 100, unapata nguvu ya kukatika kwa newtoni kwa milimita ya mraba. Ya pili inakuambia ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti inaweza kubeba kabla haijarefuka bila kurudi tena. Kwa hiyo 8.8 ni 800, na inaanza kurefuka kwenye 640. 10.9 ni 1000 na 900. 12.9 ni 1200 na 1080. Ukiangalia hapo tu, 12.9 inashinda. Lakini kadiri chuma kinavyokuwa kigumu ndivyo kinavyokosa kuvutika. Kiwango kinataka 8.8 ivutike angalau asilimia 12 kabla ya kukatika. 10.9 ni asilimia 9, 12.9 ni asilimia 8. Ukigonga ukingo wa barabara kwa gurudumu, mimi nataka bolti itakayopinda nikaiona, kuliko itakayokatika nikiwa kwenye kona.

Kuna jingine baya zaidi kwa 12.9. Ikipakwa zinki kwa umeme, haidrojeni inaweza kuingia ndani ya chuma na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Bolti kama hiyo unaikaza leo, inakaa vizuri, halafu baada ya saa kadhaa au siku kadhaa kichwa kinadondoka chenyewe gari likiwa limesimama. Kiwandani huzioka kwenye joto la karibu nyuzi 200 ili kuitoa haidrojeni, lakini ukiwa na bolti mkononi huwezi kujua kama ilifanyiwa hivyo. Kwa hiyo 12.9 zinazong'aa zinki mimi sizigusi. Zile nyeusi zina mahali pake ndani ya injini na giaboksi, pale mtengenezaji alipoziweka.

Chuma cha pua A2-70 ni 700 ya kukatika, ila kinaanza kurefuka kwenye 450. Linganisha na 640 ya 8.8. Hakifai saspensheni, usukani, breki wala mikanda ya usalama, hata kama kinapendeza macho. Tena nati ya chuma cha pua juu ya bolti ya chuma cha pua zina tabia ya kushikana wakati unakaza, uzi unalana na kuwa kitu kimoja, na hapo huna njia ila msumeno. Kitumie kwenye madigadi, taa, kioo na vipande vya bodi, kwa mwendo wa taratibu na grisi ya kuzuia kushikana. Mahali kinapogusa alumini weka kitu katikati, washa ya plastiki au rangi, maana kwenye maji ni alumini ndiyo itakayoliwa.

Zile za mistari mitatu ni za mfumo wa inchi, daraja la 5 la Kimarekani, nguvu yake iko jirani na 8.8. Mistari sita ni daraja la 8, jirani na 10.9. Si mbaya, ila uzi wake si wa milimita. Zitenge kwenye kopo lake na nati zake, usiziache zilale pamoja na nyingine hata usiku mmoja.

Hizo kumi na nne zenye kichwa kitupu: kwa viwango vya kimataifa, bolti ya pembe sita kuanzia M5 lazima iwe na namba ya daraja na alama ya kiwanda kichwani. Isipokuwa nazo, hakuna aliyekuahidi chochote juu yake. Hata iliyoandikwa namba, kama haina alama ya kiwanda, mimi huiweka fungu la mashaka. Marekani ilifika hadi kutunga sheria ya ubora wa bolti mwaka 1990, baada ya kugundulika kwamba bolti zenye alama za uongo zimesambaa kila mahali. Zako zitumie kutengenezea jigi za kuchomelea, au kushikilia vitu kwa muda unapopima. Zipulizie rangi nyekundu sasa hivi zisije zikajipenyeza garini.

Kwa ufupi, kwangu: 8.8 yenye shina kwenye mikono ya saspensheni, shokomzoba, vishikio vya injini na difu ya nyuma. 10.9 pale ambapo gari kuukuu lilikuwa na 10.9, hasa kalipa za breki na viungo vya usukani, na hizo ninunue mpya za aina ileile, nisibuni. Nati ya daraja la 8 kwa bolti ya 8.8, nati ya 10 kwa bolti ya 10.9. Nati dhaifu juu ya bolti kali itakudanganya: unakaza, unahisi imeshika, kumbe uzi wa nati unaanza kuvuka.

La mwisho kwa leo. Popote bolti inapopita katikati ya bomba la mraba la fremu, usikaze hivihivi. Ukuta wa 1.6 utaingia ndani, utahisi spana inaendelea kupata mzigo kumbe unalikunja bomba, na wiki ya pili bolti imelegea. Toboa tundu kubwa kwanza, pitisha kipande cha bomba nene chenye tundu la 10 katikati, kichomelee pande zote mbili, kisha ukipige tupa kiwe sawa na uso wa fremu. Hapo bolti inabana chuma kwa chuma. Angalia fremu yako kabla ya rangi, huenda walishaweka, huenda hawakuweka.

fundi_mitambo:

Mimi kazi yangu ni pampu na kompresa, si magari, lakini mtetemo ninaujua. Nakubaliana na spana_17 kuhusu shina. Naongeza upande wa nati, maana bolti nyingi nilizozikuta zimekatika hazikuwa dhaifu. Zililegea kwanza, ndipo zikaanza kupindwa huku na huko mpaka zikachoka.

Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa mashine yake kwamba kinachofungua nati hasa ni vipande vilivyobanwa kuteleza kwa upande, kwenda na kurudi. Mvuto wa kwenda juu na chini hauna nguvu ya kuifungua kiasi hicho. Visipoteleza, nati haizunguki. Na visiteleze kwa sababu gani? Kwa sababu bolti imevutwa ipasavyo. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni mkazo sahihi, vifaa vya kufungia vinafuata nyuma.

Bolti ya M10 8.8 ukiikaza kwa newtoni mita 50 inabana kwa takriban kilonewtoni 25, kama uzito wa tani mbili na nusu. Ila ujue kwamba katika nguvu unayoiweka kwenye spana, karibu asilimia 90 inaliwa na msuguano chini ya kichwa na kwenye uzi. Kama uzi una mchanga, kutu au rangi, hata hiyo 10 iliyobaki huipati, na spana ya torki, ile ya kupimia mkazo, bado italia "tik" kama kawaida. Safisha uzi kwa brashi ya waya kila mara, na ondoa rangi chini ya kichwa na chini ya nati. Namba ninazotumia kwa 8.8 kavu na safi ni newtoni mita 10 kwa M6, 25 kwa M8, 50 kwa M10 na 85 kwa M12. Ukipaka mafuta, punguza karibu robo. Mtengenezaji akiwa ametoa namba yake, fuata ya kwake.

Washa za springi, zile zilizokatwa mahali pamoja na kupinda, zitoe kwenye mfuko. Bolti ikifika mkazo wake washa hiyo imeshalala bapa, haina springi tena. Mwongozo wa bolti wa NASA wa mwaka 1990 umelisema hilo waziwazi. Tumia washa bapa ngumu.

Nati yenye pete ya nailoni ndani ni nzuri kwa saspensheni, kwa masharti matatu. Uzi utokeze nje ya nati angalau meno mawili, kwa sababu nailoni iko mwisho kabisa, na bolti fupi haiifikii. Isikae penye joto linalozidi nyuzi 120 hivi, kwa hiyo si kwenye bomba la moshi wala jirani na diski za breki. Huko tafuta nati za chuma kitupu zilizobonyezwa kidogo ili zishike. Na ukiifungua, weka mpya. Hakikisho langu ni vidole: nati ya nailoni inayozunguka kwa vidole mpaka mwisho imeshakufa.

Bol joint na ncha za usukani zina nati zenye meno ya kupitishia pini. Ukifika mkazo na tundu la pini halijalingana, endelea mbele kidogo hadi lilingane. Usirudi nyuma hata kwa unywele.

Halafu chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati kupita washa hadi kwenye breketi. Mistari ikiachana, unaona kwa tochi bila kushika spana.

chasisi_mraba:

Asanteni sana. Nimekwenda kuangalia fremu na tochi: kwenye vishikio vya injini wameweka mabomba ya ndani, ila matundu mawili ya kishikio cha giaboksi yako matupu. Ukibonyeza bomba kwa klampu unaona ukuta unaingia. Nitayachomelea kabla ya rangi.

spana_17, nimechagua bolti za mikono ya chini na nimekwama kwenye urefu. Bushi yangu ni ya mpira, ina bomba la chuma ndani lenye urefu wa milimita 40. Breketi ni mbili, kila moja unene wa 3. Jumla 46. Nilifikiri M10 ya 60 inatosha: 46, washa, nati ya nailoni, kwisha. Ni sawa?

spana_17:

Hapana, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo tuhesabu pamoja.

Kwenye bolti yenye shina, ya urefu usiozidi 125, uzi ni kipenyo mara mbili ukijumlisha 6. Kwa M10 ni 26. Kwa hiyo ya 60 ina 34 tu kabla ya uzi kamili. Breketi ya kwanza itakaa shinani vizuri, ya pili iko kati ya 43 na 46, yote juu ya uzi. Ni ileile hadithi ya tundu langu la yai, upande mmoja.

Chukua ya 75. Uzi kamili unaanzia 49 kutoka kichwani. Lakini shina haliishii hapo kwa mkato, uzi huanza taratibu kabla yake, na viwanda vinatofautiana. Kwa M10 sehemu hiyo ya kuanzia inaweza kuwa ndefu hadi milimita 7.5, na hapo breketi yako ya pili itaingia kwenye uzi. Kwa hiyo nenda dukani na venia (kipimio cha milimita), upime shina laini kwa macho yako, usitegemee jedwali peke yake. Unataka laini isiyopungua 46. Zangu nilizozipata zilikuwa na 47, na niliziacha pakiti mbili mezani kabla ya kuzipata.

Sasa zipange hivi. Kichwa kikae moja kwa moja juu ya breketi, bila washa, ili usile urefu wa shina. Breketi, bushi, breketi: 46. Upande wa nati weka washa mbili ngumu za milimita 2, umefika 50, uzi kamili umeshaanza, nati haitagonga shina. Hili la nati kugonga shina liogope. Spana inakaza, inalia, wewe unaridhika, kumbe nati imebana shina na breketi bado inacheza. Ukimaliza kukaza, jaribu kuzungusha washa kwa ncha ya bisibisi. Ikizunguka, nati haijabana kitu.

Mkia utatokeza karibu milimita 15. Kama haugusi kitu, uache. Kama unagusa, kata kwa msumeno wa mkono na ulainishe kwa tupa. Kabla ya kukata, zungusha nati ya kawaida ipite pale utakapokatia, ukiifungua itanyoosha uzi.

Matundu ya breketi toboa 9.5 kwanza, kisha 10. Ukianza moja kwa moja na 10 keekee inatangatanga kwenye bamba la 3 na unapata tundu la pembe tatu.

Na kwa kuwa bushi zako ni za mpira, usizikaze gari likiwa juu ya stendi. Bomba la ndani linabanwa na breketi halizunguki, mpira ndio unaojisokota. Ukikaza magurudumu yakining'inia, gari likishuka chini mpira unabaki umesokotwa maisha yake yote, unapasuka mapema. Ziingize zote, zibane kidogo, shusha gari, weka uzito vitini, lisukume juu chini mara kadhaa, ndipo ukaze hadi 50.

mkanda_kwanza:

Sijaona mtu amegusa mikanda, na ndiyo niliyoijia.

Bolti za mikanda ya usalama kwenye magari mengi duniani, hata yaliyojengwa kwa milimita tupu, ni za inchi: 7/16, uzi 20 kwa inchi. Usizibadilishe na M10 kwa sababu ndiyo uliyo nayo, na usizikate. Zinakuja na mkanda wenyewe, tumia hizo.

Hatari iko kwenye nati. 7/16 ni milimita 11.1, na uzi 20 kwa inchi ni hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.27. M12 ya uzi mwembamba ina hatua ya 1.25. Tofauti ya hatua haihisiki mkononi. Kwa hiyo bolti ya mkanda inaingia ndani ya nati ya M12 ya 1.25 na kuzunguka hadi mwisho, na hata inaonekana kukaza. Lakini meno yanashikana kwa theluthi hivi ya kina chake. Siku ya kugonga inachomoka nzima kama msumari.

Dalili iko moja tu. Ingiza bolti mizunguko mitatu minne, kisha itikise kichwa upande kwa upande. Nati sahihi inacheza kidogo sana. Isiyo sahihi bolti inayumba. Hakikisha kila nati iliyochomelewa kwenye fremu, moja moja, kabla ya kupaka rangi na kabla ya viti kuingia, maana baadaye hutaifikia. Na bamba linaloshika nati hiyo liwe limechomelewa kuizunguka lote.

chasisi_mraba:

Narudi na taarifa.

Giaboksi: mabomba ya ndani nimeyachomelea, nimelinganisha na tupa. Bolti za 75 nimepata zenye shina la 46.5, nimezipima zote nane, mbili nikazirudisha kwa sababu zilikuwa 44. Zile kumi na nne ziko nyekundu ndani ya kopo la rangi, juu ya rafu.

mkanda_kwanza, baada ya kusoma maneno yako nilitoka usiku uleule na bolti za mikanda mkononi. Fremu ina nati sita. Tano bolti iliingia na kutulia. Ya sita, ya bega upande wa abiria, iliingia laini kuliko zote, nikafurahi kidogo, kisha nikaitikisa. Kichwa kilikwenda upande kwa upande kwa milimita mbili tatu. Nikachukua bolti ya M12 ya uzi wa 1.25 kutoka kwenye gari kuukuu, ikaingia hadi mwisho bila kuyumba.

Nimeizungushia duara kwa chaki. Asubuhi naikata bamba lote na grainda, nachomelea jipya.